SOMO LA SITA: MKUBWA WA KAMPUNI HUCHAGULIWA NA NANI?

Ndugu zangu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma karatasi ya mshahara. Leo tunapanda ngazi mpaka chumba cha juu kabisa, anakokaa Mkurugenzi Mkuu. Wengi wetu tukisikia kampuni inatafuta Mkurugenzi mpya husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi yetu ni kazi." Somo hili linataka kuonyesha kwamba kusema hivyo ni kosa, tena ni kosa ambalo wafanyakazi wamelilipia kwa mikono na roho zao.

Kama kawaida yetu, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Asiyeelewa asimamishe msomaji aulize. Mwisho yapo maswali ya kujadili tawini.

1. SIKU TULIYOPAKA MAWE CHOKAA

Naanza na jambo nililoliona mwenyewe. Nilianza kazi nikiwa mkata miwa, baadaye nikaingizwa kiwandani upande wa boila. Kampuni siitaji, maana somo letu si la kumsuta mtu.

Siku moja tuliambiwa kwamba meneja mkuu mpya anakuja. Juma zima tulifagia barabara, tukapaka chokaa mawe ya kandokando, kwaya ikafanya mazoezi. Alipofika tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza alitoka wapi, wala nani kamleta, wala ameahidi nini huko alikoajiriwa.

Miezi michache baadaye tulianza kuelewa. Zamani mitambo ilizimwa majuma kadhaa kila mwaka kwa matengenezo. Bwana mkubwa akayapunguza yakawa nusu. Mzee wetu wa boila, mtu aliyejua sauti ya kila bomba, akaandika katika daftari la zamu kwamba mabomba fulani hayafai kungoja mwaka mwingine. Akaandika mara ya pili. Daftari lilitiwa sahihi likarudishwa kabatini. Bomba likapasuka usiku, na mwenzetu wa zamu akaungua kwa mvuke kifuani na mikononi. Alipona, lakini hakurudi kazini. Ripoti ya mwaka ule ilisema gharama za uendeshaji zimeshuka.

Nilimlaumu sana yule meneja. Baadaye, nilipoanza kazi ya chama, nikaelewa kwamba nilimlaumu mtu mmoja tu katika safu ya watu wengi. Yeye alifanya alichoajiriwa kufanya. Walimwuliza atapunguzaje gharama, akajibu, wakampa kazi. Hakuna aliyemwuliza habari ya boila. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliomchagua hawakuwahi kulala kitanda kile.

2. NANI ANACHAGUA?

Katika kampuni kubwa yenye hisa, ngazi ziko hivi. Juu wapo wenye hisa, yaani watu, benki na mifuko iliyoweka fedha. Wao huchagua bodi ya wakurugenzi. Bodi ndiyo humwajiri Mkurugenzi Mkuu, humpangia mshahara na bakshishi, na ndiyo yenye uwezo wa kumfukuza. Yeye naye huajiri mameneja, mameneja huajiri wasimamizi, na chini kabisa tupo sisi na jembe, panga na spana zetu.

Sasa angalieni jambo moja. Bodi ikimwita mtu kwenye usaili, maswali hutungwa na bodi. Ikiwa bodi yote imetoka upande wa fedha, maswali yatakuwa ya fedha: faida itapandaje, deni litapunguaje, bei ya hisa itafika wapi. Maswali hayo si mabaya. Kampuni isiyopata faida hufungwa, na sisi hutoka nje. Ubaya ni pale yanapokuwa maswali pekee. Anayetunga maswali ndiye anayechagua mtu, kabla hata mtu mwenyewe hajaingia mlangoni.

Hilo ndilo jambo la kushika katika somo hili.

3. MFANO WA KIWANDA CHA NDEGE

Tuchukue kampuni kubwa ambayo habari zake ziko wazi kwa dunia nzima: Boeing ya Marekani, watengenezaji wa ndege. Inatuhusu kwa sababu ndege zake hupita juu ya vichwa vyetu kila siku, na kwa sababu nyingine nitakayoieleza sasa hivi.

Boeing ilianzishwa mwaka 1916 katika mji wa Seattle. Kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa kampuni ya mafundi na wahandisi. Mwaka 1997 iliungana na kampuni nyingine ya ndege, McDonnell Douglas. Mwaka 2001 wakubwa walihamisha makao makuu kwenda Chicago, mbali kabisa na viwanda vikubwa vya ndege za abiria. Mkubwa hakuwa tena na njia ya kutoka ofisini akaingia karakana kwa miguu.

Kuanzia mwaka 2013 hadi mwanzoni mwa 2019, kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe. Maana yake ni nini? Kampuni inachukua fedha iliyopata, inakwenda sokoni inanunua hisa zake. Hisa zinazobaki zinakuwa chache, bei yake inapanda, wenye hisa wanafurahi, na wakubwa ambao malipo yao yamefungwa kwenye bei ya hisa wanafurahi pamoja nao. Lakini dola iliyonunua hisa haiwezi tena kununua mashine wala kumfundisha kijana kazi.

Katika miaka hiyohiyo kampuni ilikuwa inakimbizana na Airbus ya Ulaya kutoa ndege mpya, ikaitoa 737 MAX. Ndani yake waliweka programu ya kompyuta iliyoweza kuisukuma pua ya ndege chini. Programu hiyo ilisikiliza kipimo kimoja tu. Kipimo kikisema uongo, ndege inaamini. Na marubani hawakuelezwa habari zake kwenye vitabu vyao vya maelekezo.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya namna hiyo ilianguka baharini Indonesia, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ikaanguka Ethiopia dakika chache baada ya kuruka, wakafa 157. Hiyo ya pili ilitoka Addis Ababa ikija Nairobi. Wakenya 32 walikuwamo, na Mganda alikuwamo. Hii ndiyo sababu niliyosema. Makosa yaliyofanywa mbali sana yalikuja kuzika watu wetu.

Je, hapakuwa na mtu wa kuonya? Alikuwapo. Katika kiwanda cha Renton ndege hizo zinakounganishwa, msimamizi mmoja wa ngazi ya juu aitwaye Ed Pierson aliwaandikia wakubwa wake Juni 2018, kabla ya ajali ya kwanza. Hakuandika juu ya ile programu ya kompyuta. Aliandika kwamba watu wamechoka, kazi imechelewa, mambo yanafanywa bila mpangilio, akashauri uzalishaji usimamishwe kwanza mpaka hali itulie. Haukusimamishwa. Desemba 2019 aliyaeleza hayo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Ripoti ya kamati hiyo iliyotoka Septemba 2020 ilitaja, pamoja na makosa mengine, shinikizo la kukimbiza uzalishaji na kupunguza gharama, na desturi ya kuficha habari.

Nikisoma habari hiyo nakumbuka daftari la mzee wetu wa boila. Kiwanda kile ni kikubwa mara elfu kuliko chetu, lakini kabati la kuficha daftari ni lilelile.

4. VYETI PEKEE HAVITOSHI

Hapa pana mtego, na nataka tusinaswe. Wako wanaosema: "Dawa ni rahisi. Toa mtu wa hesabu, weka fundi."

Mkurugenzi Mkuu wa Boeing wakati wa ajali zile mbili alikuwa Dennis Muilenburg. Huyo hakuwa mtu wa hesabu. Alikuwa mhandisi, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1985 akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, akapanda ngazi moja moja mpaka juu mwaka 2015. Ukitazama vyeti vyake tu, ndiye hasa mtu ambaye fundi angemchagua. Lakini aliikuta mizani imeshawekwa, nayo ilipima idadi ya ndege zinazotoka na bei ya hisa. Akapima kwa mizani hiyohiyo.

Bodi ilimwondoa Desemba 2019. Aliondoka na stahili za takriban dola milioni 62. Mfanyakazi akikosea spana moja hufukuzwa bila nauli. Angalieni tofauti hiyo.

Nafasi yake ilichukuliwa Januari 2020 na David Calhoun. Huyu alikuwa mjumbe wa bodi hiyohiyo tangu mwaka 2009. Yaani bodi iliyosimamia makosa ilikwenda kutafuta mkombozi, ikamkuta amekaa kwenye kiti cha jirani. Tarehe 5 Januari 2024 kipande cha ubavu wa ndege mpya kilichomoka angani Marekani ikiwa na abiria 171. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Wachunguzi walikuta boliti 4 za kukishikilia hazikuwa zimerudishwa kiwandani baada ya kazi. Miezi michache baadaye Calhoun alitangaza kwamba ataondoka.

Agosti 2024 bodi ikamleta Kelly Ortberg, mhandisi wa mitambo aliyewahi kuongoza kampuni ya kutengeneza vifaa vya ndege. Jambo moja alilolifanya mwanzoni kabisa lilikuwa kutangaza kwamba atakaa Seattle, karibu na viwanda. Hilo lilipokewa vizuri. Lakini wafanyakazi hawakupaka mawe chokaa. Tarehe 13 Septemba 2024, mkurugenzi mpya akiwa na majuma matano tu kazini, watu wapatao 33,000 wa chama cha mafundi wa mitambo waligoma. Walikaa nje siku 53. Walirudi na nyongeza ya mshahara ya asilimia 38 kwa miaka minne. Pensheni yao ya zamani waliyoidai hawakuipata. Na kiti kwenye bodi, ambacho viongozi wao walikuwa wamekitaja mapema mwaka huo, nacho hawakukipata.

Kwa hiyo tusiseme tu "fundi" au "mhasibu". Tuulize: mtu huyu atapimwa kwa nini, na nani atamwambia ukweli?

5. WENZETU WA UJERUMANI

Je, ipo nchi ambayo mfanyakazi anashiriki kumchagua mkubwa? Ipo. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1976. Kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 lazima iwe na bodi ya usimamizi ambayo nusu ya wajumbe wake wanatoka upande wa wafanyakazi. Bodi hiyo ndiyo inayowateua wakurugenzi, kwa muda usiozidi miaka mitano kwa mara moja, na ndiyo inayowaondoa.

Lakini isomeni sheria mpaka mwisho. Kura zikilingana, mwenyekiti hupewa kura ya pili, na mwenyekiti kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa. Basi nusu ile si nusu kamili. Hata hivyo ni sauti kubwa kuliko kupiga makofi barabarani.

Tazameni kampuni ya magari ya Volkswagen. Bodi yake ya usimamizi ina viti 20, na 10 ni vya wafanyakazi. Mwaka 2021 Mkurugenzi Mkuu Herbert Diess alizungumza mbele ya bodi juu ya hatari ya kupotea kwa kazi 30,000. Wawakilishi wa wafanyakazi walimjia juu, na ugomvi wake na halmashauri ya wafanyakazi ukawa mmoja wa mizigo iliyomwelemea. Mwaka 2022 aliondolewa, akaingia Oliver Blume.

Je, baada ya hapo neema ilishuka? Hapana. Biashara ya magari ilizidi kuwa ngumu. Desemba 2024, baada ya migomo ya onyo, pande mbili zilikubaliana kupunguza kazi zaidi ya 35,000 mpaka mwaka 2030. Lakini bila kumfukuza mtu kwa nguvu, na bila kufunga mara moja kiwanda chochote cha Ujerumani. Kiti kwenye bodi hakikuzuia mvua kunyesha. Kiliwapa wafanyakazi mahali pa kusimama mvua iliponyesha.

Na kuna somo la aibu hapo hapo, ambalo lazima tuliseme. Kampuni hiyohiyo iliwahi kumnunua mwakilishi wa wafanyakazi. Mwenyekiti wa halmashauri yao alipewa fedha za siri na safari za anasa, na mwaka 2008 mahakama ilimhukumu kifungo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjumbe wetu akikaa kwenye kiti laini bila kuulizwa maswali na waliomtuma, atasahau alikotoka.

6. NA SISI HUKU?

Mtasema, "Ndugu katibu, huko ni Ulaya." Haya, turudi nyumbani. Hapa Uganda liko shirika moja kubwa ambalo mkubwa wake anatuhusu kwa haki kabisa, na wengi wetu hatujui. Ni mfuko wa akiba wa NSSF. Kila mwezi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wako, mwajiri anaongeza asilimia 10. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mtu mmoja anapaswa kulipa. Ile ni fedha ya uzee wetu.

Katika bodi ya mfuko huo wamo wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi. Mkurugenzi wake huteuliwa na waziri kwa mapendekezo ya bodi. Mwishoni mwa mwaka 2022 uteuzi huo ulizua mvutano mkubwa: bodi ilikuwa na lake, waziri alikuwa na lake, mpaka mwaka 2023 Bunge likaunda kamati teule kuchunguza mambo ya mfuko. Magazeti yalijaa habari hizo. Nawauliza: ni matawi mangapi yalikaa kikao kuzijadili? Ni tawi gani lilimwandikia mjumbe wetu wa bodi likasema, sisi tunataka umwulize mkurugenzi mpya hili na hili? Kiti tulikuwa nacho. Maswali hatukuyapeleka.

7. TUFANYE NINI?

Kwenye kampuni nyingi tunakofanya kazi hatuna kiti. Lakini yapo ya kufanya hata leo.

Kwanza, jueni nani anamteua mkubwa wenu. Andikeni majina ya wajumbe wa bodi yabandikwe kwenye ofisi ya tawi. Meneja akisema "nimeagizwa kutoka juu", mjue juu ni wapi.

Pili, mkisikia mkubwa mpya anakuja, tafuteni habari zake alikotoka. Kama aliongoza kiwanda kingine, chama kiko huko pia. Pigeni simu kwa katibu wa huko mwulize: alipokaa kwenu, ajali zilipungua au ziliongezeka? Mikataba aliiheshimu? Alikuwa akifika karakana, au alionekana siku ya wageni tu?

Tatu, iandikieni bodi barua kabla haijachagua, si baada. Barua fupi, ya heshima, yenye maswali matatu ambayo mnaomba mwombaji aulizwe. Hata wasipoyatumia, barua itabaki kwenye faili. Siku bomba likipasuka hakuna atakayesema hakuambiwa.

Nne, katika mazungumzo ya mkataba, ombeni mjue bakshishi ya wakubwa inafungwa na nini. Kama ni tani za sukari au kilo za chai tu, daini usalama nao uwekwe kwenye mizani hiyo.

Tano, tunzeni daftari lenu. Kila onyo lenye tarehe, jina la mtambo, na jina la aliyepokea. La kampuni likifungiwa kabatini, la tawi liwe wazi.

Sita, tusiwe watu wa kumpinga kila mkubwa. Akija mtu mwema, anayesikiliza na kutimiza, tumpe ushirikiano wa kweli, maana meneja mzuri naye huweza kuondolewa na bodi isiyoona alichojenga. Wako waliookoa viwanda vilivyokuwa vinakufa.

8. MASWALI YA KUJADILI TAWINI

(a) Nani alimteua mkubwa wa kampuni yetu, na mwaka gani? Kama hakuna anayejua, nani ataleta jibu kikao kijacho?

(b) Tungepewa nafasi ya kumwuliza mwombaji maswali matatu, tungeuliza yapi? Yaandikeni.

(c) Onyo gani la usalama liliandikwa mwaka huu likakosa kujibiwa?

(d) Mwenzetu akipata kiti kwenye bodi, tutahakikishaje kwamba anarudi kutupa taarifa?

Yule mwenzetu aliyeungua bado ni jirani yangu. Nilimsomea somo hili kabla sijalileta kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Siku ile mimi ndiye niliyeshika ndoo ya chokaa." Basi siku mkubwa mwingine atakapotangazwa, ndugu zangu, chokaa iacheni dukani. Chukueni kalamu, mwandike maswali.

Umoja ni nguvu.